Jibu Lililofika Lweba Kabla Yangu

Siku ya kupima watoto, kituo cha afya hapa Baraka hujaa kabla jua halijakaza. Akina mama hukaa kwenye mabenchi, wengine chini juu ya vitenge, watoto wanalia kwenye mzani, na mimi husimama mbele yao, mwanaume peke yangu ukimtoa muganga anayetibu pale. Riziki yangu ni kutengeneza baiskeli karibu na soko. Pale kituoni nauliza maswali ya meno, na hiyo hailipwi.

Nilianza hivi: timu moja ilipita kutufundisha sisi wa kujitolea, na wengine walichagua vyandarua, wengine maji. Meno hayakuwa na mtu. Nikayachukua, kwa sababu mama yetu alikufa kwa jino. Shavu lilivimba, uvimbe ukashuka shingoni, pumzi ikakosa njia. Baba alikuwa ametangulia wakati wa vita. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, nikatoka shule ya msingi kabla sijamaliza, nikashika spana, na wadogo zangu wakala.

Niligundua mapema kwamba ukiwaambia watu wapige mswaki, wanaangalia nje. Ukiwauliza swali, wanageuka.

"Konokono na mamba, nani ana meno mengi?"

"Mamba!" Wote pamoja.

"Konokono."

"Uongo! We ulimufungulia kinywa?"

"Anayo maelfu, madogo kabisa, juu ya ulimi. Na soda moja, mtu mmoja aimalize mara moja, mwingine ainywe kidogo kidogo mpaka jioni. Nani anaharibu meno zaidi?"

Hapo wanabishana. Jibu ni yule wa kidogo kidogo, kwa sababu kila tone linaamsha upya ile asidi inayokula jino, na mate hayapati nafasi ya kulisafisha. Anayepata anachukua kipande cha sabuni. Anayekosa anachekwa, na mimi nachekwa kuliko wote.

"Mujomba wa meno, unajua meno ya batoto ya bantu. Wa kwako iko wapi?"

"Angali anangojea ya kwake yaote!"

Nilikuwa na sheria moja tu. Aliyeshinda na aliyeshindwa, kila mmoja lazima alipeleke jibu nyumbani na kumwambia mtu ambaye hakuwepo. Tukionana tena nauliza: ulimwambia nani, naye alisema nini? Kwa njia hiyo majibu yalitembea. Yalifika mashambani, yalipanda mitumbwi, na niliwahi kuulizwa habari ya konokono na mvuvi wa Ubwari ambaye sijamwona maishani. Nilifurahi sana siku ile.

Asubuhi ninayoisimulia, mama mmoja wa Lweba aliyekuja Baraka kwa soko alisimama kabla sijauliza chochote. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyeleta zawadi.

"Yangu ilifika mbali," akasema. "Ile ya meno makumi mbili. Iko Lweba mupaka leo."

Lile swali nilikuwa nimeliuliza zamani kidogo: mtoto anazaliwa na meno mangapi? Wote husema hakuna. Jibu ni ishirini, yamelala ndani ya taya, yanangoja wakati wake. Nalipenda swali lile kwa sababu huwafanya akina mama wawatazame watoto wao upya.

"Ulimwambia nani?" nikauliza.

"Mama mukwe wa dada yako, ule ameolewa kwetu. Anaisema kila pahali. Anasema, hata mukwe wetu ule wa ku santé, ku kituo ya Baraka, amekubali kama mutoto anazaliwa na meno ndani ya nyama. Basi ya plastiki iko kweli. Mutoto wa dada yako anahara, ana homa, hanyonyi muzuri. Bameita koko, ule bibi mzee wa kungoa meno. Anakuja leo."

Watu walianza kucheka wakidhani ni mchezo wetu wa kawaida, kisha wakaona uso wangu.

Kwa asiyejua: huku kwetu, na kwa ndugu zetu waliotoka Burundi pia, mtoto mchanga akihara na kupata homa, watu humfungua mdomo na kumpapasa ufizi. Pale pembeni, yanapolala machonge, huwa pamevimba kidogo na pana weupe. Wanasema ni meno ya plastiki, meno mabaya yanayomla mtoto kutoka ndani, lazima yatolewe kabla hayajamuua. Kuna wanawake wanaojua kuyachimbua kwa chuma chenye ncha. Kinachotoka ni jino la kweli ambalo halijakomaa. Damu inatoka, kidonda kinashika uchafu, na ule ugonjwa uliomfanya mtoto ahare unaendelea na kazi yake. Mara nyingine anapona. Mara nyingine hapana.

Nilikuwa nimeyasema hayo yote siku ya lile swali. Nilisema ishirini, kisha nikasema yatatoka yenyewe, yasiguswe. Lakini mtu akibeba jibu mpaka Lweba hubeba lile fupi. Mkia wake ulibaki Baraka.

Nilimwachia muganga sabuni, nikatoka. Motari wa kwanza wa pikipiki niliyemkuta aliangalia mawingu upande wa milima na kutikisa kichwa. Wa pili alikubali. Mvua ilikuwa imenyesha juu, barabara ilikuwa uji mwekundu, na tulipokaribia daraja la Mutambala tukakuta lori limezama tairi za nyuma, limeziba njia yote. Watu wanasukuma, wanapiga kelele, wengine wamekaa wanakula miwa.

"Tungojee kidogo," motari akasema.

"Siwezi kungojea."

"Una mugonjwa?"

"Mtoto wa dada yangu."

Akazima injini, akaniangalia. "Basi tembea uvuke. Ng'ambo utapata mwenzangu. Kimbia, yaya, kaka yangu."

Nikapita ubavuni mwa lori, matope mpaka magotini. Upande wa pili nilipata pikipiki nyingine, na njia yote ya Lweba nilikuwa napanga maneno. Dada yangu huyu ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokufa. Mume wake ni mvuvi mzuri, mpole, lakini wakati ule alikuwa upande wa Ubwari na wenzake na hakuna aliyejua atarudi lini. Nyumbani neno lilikuwa la mama yake. Nami nitamwambia nini? Sina baba wa kumtanguliza. Sina cheti. Kwa mama mkwe wa dada yako huendi kupiga kelele. Hata kumwangalia machoni kwa muda mrefu ni kukosa adabu. Nilikuwa na kitu kimoja tu, kwamba mimi ni mjomba wa yule mtoto, na kwetu mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake.

Nilisikia kilio kabla sijaingia uani. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyechoka, kinapanda kidogo na kukatika.

Majirani walikuwa wamesimama karibu na jiko. Dada yangu alikuwa kwenye mkeka, mtoto mapajani, kichwa cha mtoto kimeegemea mkono wake. Mdomo wa mtoto ulikuwa na damu. Mbele yao aliketi mwanamke mzee, mkimya, mikono safi, na kando yake sufuria ndogo yenye maji ya moto. Ndani ya maji ulilala waya mmoja ulionolewa ncha. Niliutambua mara moja. Ni ule wa gurudumu la baiskeli, ninaoushika kila siku.

Kwenye sahani kulikuwa na kitu kidogo cheupe.

Nilikuwa nimechelewa kwa jino moja.

"Mukwe," mama mkwe akasema, akiinuka. Alishangaa, lakini hakupoteza heshima. "Karibu. Lete kiti, ninyi. Ukae, unywe maji."

Kiti kikaletwa. Sikukaa.

Kwetu kaka wa mke akikataa kiti katika uwanja wa wakwe, watu huacha walichokuwa wakifanya. Maana yake amekuja na jambo, na huenda akaondoka na dada yake. Yule mzee aliurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kwenye sufuria.

"Mama mukwe," nikasema, "naomba kazi hii isimame."

"Isimame vipi? Imebaki tatu. Moja imetoka, iko pale, angalia kwa macho yako. Na si we mwenyewe ulisema iko ndani?"

"Nilisema."

"Bamama, mumesikia? Amesema!"

"Yaya," dada yangu akaniita, sauti ndogo. Nilijua anachotaka, na nilijua hawezi kukisema mbele ya mama mkwe wake.

Mama mkwe alivuta kitenge chake, akakaza fundo kiunoni. "We njo ule unaulizaka bantu maswali kule Baraka, unawapa sabuni. Leo mi nitakuuliza. Ukishindwa, utakaa kwa ile kiti, na koko atamaliza kazi yake."

"Na nikijibu?"

"Ukijibu, tutaona."

Haukuwa mkataba mzuri. Nikaukubali, kwa sababu waya ulikuwa ungali kwenye maji, na muda wote tukiongea ungebaki pale.

"Ya kwanza. Ile kitu kwenye sahani ni nini?"

"Ni jino. Chonge. Lile ambalo angeng'atia nyama akikua."

"Jino gani laini vile? Finya!"

"Mama, ukichimbua karanga kabla ya wakati wake, ndani ya ganda unakuta nini?"

Jirani mmoja alijibu kutoka jikoni, bila kufikiri: "Kitu cheupe, laini, maji maji."

"Inakuwa plastiki?"

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mama mkwe akageuka haraka.

"Mi njo nauliza! We unajibu! Ya pili. Mutoto wa nyumba ile ya mabati alihara vile vile. Koko alimungoa, akapona, leo anakimbia. Juu ya nini alipona?"

"Kuna kuhara kunaisha kwenyewe, mwili ukishinda."

"Aaa!" Baadhi walitikisa kichwa. Lilikuwa jibu dogo, nililisikia mwenyewe. Kulikuwa na jibu kubwa zaidi. Ningeweza kuuliza habari ya mtoto ambaye hakupona, kwa kuwa nilijua nyumba yake, na mama yake alikuwa amesimama pale pale, amekunja mikono kifuani. Nilimwona. Naye aliniona namwona, akainamisha macho. Nikanyamaza.

"Ya tatu," mama mkwe akasema, na sasa alikuwa amepata nguvu. "Kama si meno, huyu mutoto anahara na nini?"

Mtoto alitoa kile kilio chake cha kukatika. Midomo ilikuwa imekauka pembeni mwa damu. Utosi wake ulikuwa umebonyea.

"Sijui," nikasema.

Uwanja wote ukalipuka.

"Ameshindwa!"

"Mujomba wa meno amekosa!"

"Leo hupati sabuni!"

Mama mkwe hakucheka. Alionyesha kiti. "Kaa. Ulifikaka la ngapi, kwanza? Uliacha shule kabla ya la sita, unakuja kutufundisha batoto tuliozaa sisi. Kaa, mukwe. Umeshindwa."

Yule mzee aliutoa waya kwenye maji na kuukung'uta. "Mi sitafuti muntu," akasema taratibu, kana kwamba ananieleza mimi peke yangu. "Banakuja kuniita. Musipotaka, nakwenda. Mukitaka, nifanye haraka, mutoto anateseka."

Nilibaki nimesimama kando ya kile kiti.

"Hiyo moja nimeshindwa, Mama," nikasema. "Mimi sijui, na koko hajui, na wewe hujui. Muganga wa hapa Lweba ana kipimo cha damu, anaweza kujua. Niulize ya mwisho. Kisha nitakaa au nitakwenda, kama utakavyosema."

Alipouliza, sauti yake haikuwa tena ya mashindano. Ilikuwa chini, na ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa na hofu kuliko mimi, na alikuwa nayo tangu mtoto alipoanza kukataa ziwa.

"Tukimupeleka kule, na akufe mu mikono ya muganga. Mutoto wangu akitoka Ubwari, akiuliza, nani atamujibu?"

"Mimi."

"We nani?"

"Mimi mjomba wake. Mwambie mimi ndiye niliyemtoa hapa uani, koko akiwa na kazi mkononi. Asimdai dada yangu. Asikudai wewe. Aje kwangu Baraka, anajua ninapotengeneza baiskeli."

Neno kama lile, likisemwa mbele ya majirani, halirudi kinywani. Mtoto akifa, ukoo mzima ungekuja kulidai kwangu, kwa haki yao, na dada yangu angebaki kwao akiwa dada wa mtu aliyeua. Nilijua hivyo nilipolisema.

Mama mkwe alikwenda ndani. Tulimsikia anahamisha vitu. Dada yangu alinitazama, kisha akasimama, akamfunga mtoto kifuani, si mgongoni, ili amwone uso. Mama mkwe alipotoka alikuwa na beseni, kitenge safi na kikombe.

"Twende basi," akasema. "Mbona munasimama?"

Yule mzee alikuwa tayari anaufunga waya wake katika kitambaa.

Njiani dada yangu alitangulia, mama mkwe nyuma yake na beseni kichwani, mimi wa mwisho. Kila mara mtoto alipokaa kimya, tulisimama wote watatu bila kuambiana, mpaka tumsikie tena.

Muganga wa Lweba alimtoboa kidole, akangoja, akasema malaria, tena maji yamemwishia mwilini. Alipoona ufizi alimtazama dada yangu, akanitazama mimi, kisha akaosha kidonda na kukikandamiza kwa pamba mpaka damu ikakata. Hakugomba. Alituonyesha jinsi ya kuchanganya maji ya pakiti, yale yenye chumvi na sukari, na kumpa kijiko baada ya kijiko hata akitapika. Dawa ya malaria ilipita kwenye mshipa.

"Atapona?" nikamuuliza tukiwa mlangoni.

"Mmekuja," akasema. "Tungoje."

Mchana ule mtoto alihara. Jioni alihara tena, maji matupu. Alilala macho nusu wazi, na mimi nilikaa ukutani nikitazama tumbo lake linavyopanda na kushuka. Nilikuwa nimewafundisha watu kwamba meno ya mtoto hayamuui. Kama huyu angekufa, hakuna mwanamke kuanzia Lweba mpaka Mboko ambaye angeniamini tena, na wangekuwa na sababu. Wangesema alikufa kwa sababu yale matatu yalibaki. Kila mtoto ambaye angehara baada ya huyo angepelekwa kwa waya mapema zaidi. Niliifikiria hesabu hiyo mpaka nikaona aibu, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa pale, mdogo, ana joto, naye si hesabu ya mtu.

Kulipokucha alishika ziwa. Alinyonya kidogo, akalia kwa sababu ya kidonda, akashika tena. Jua lilipopanda alikuwa bado hajachafua nguo. Muganga alimbonyeza ngozi ya tumbo, ikarudi upesi, naye akatikisa kichwa kukubali.

Mama mkwe alijipigapiga mapajani kwa furaha. Akawageukia akina mama wa vitanda vingine. "Mumeona? Ile moja ilitosha!"

"Njo vile," mmoja akasema.

"Plastiki ikitoka hata moja, zingine zinaogopa," mwingine akaongeza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, na hasira pia, kwa mara ya kwanza tangu Baraka. Lakini dada yangu alinitangulia. Hakuinua macho, alikuwa anamkorogea mtoto maji kwenye kikombe.

"Mama, nikuulize?"

"Uliza."

"Jana koko alingoa ile jino asubuhi. Kisha pale, mutoto alihara?"

"Alihara."

"Na mangaribi?"

Mama mkwe akafikiri. "Alihara."

"Na sasa, kisha dawa na haya maji?"

Mama wa kitanda cha pili alikuwa amejiinua kwa kiwiko ili asikie. Mama mkwe alimtazama mtoto, akaniangalia mimi mlangoni, akarudisha macho kwa dada yangu.

"We umeanza kufanana na kaka yako," akasema.

Haikuwa sifa, wala haikuwa tusi kamili. Dada yangu hakuomba radhi. Alisema, kwa sauti ile ile ya chini, "Tukirudi nyumbani, koko asimuguse tena, Mama. Hata akihara tena. Tumulete hapa."

Nilingoja. Nilijua kwamba neno hili ndilo nililolifuata kupita lile lori na lile tope, na kwamba si mimi wa kulisema.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwa dada yangu. Alionja yale maji kwa ncha ya ulimi, akakunja uso kwa ile chumvi. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa, na kuanza kumnywesha mjukuu wake kijiko kwa kijiko, akipitisha upande wa mdomo usio na kidonda.